Jenereta ya Kukabidhiwa

Ipo nchi moja inaitwa Hisani. Msiitafute kwenye ramani, wala msije mkasema ninamsema mtu, maana kwetu mambo haya hayapo kabisa. Kwetu mtu akitoa msaada, anatoa na kuondoka zake. Hisani ni mbali. Ukifika mpakani unakaribishwa mara tatu, na ya tatu unapigwa picha.

Watu wa Hisani ni wakarimu kupita kiasi. Ukarimu wao umeandikwa kwenye Katiba, ibara ya kwanza, na ibara ya pili inasema kwamba msaada wowote utakaotolewa bila mgeni rasmi, bila maturubai na bila mpiga picha utahesabiwa kuwa ni wizi. Wazee wao wa zamani walikuwa wakisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wizara ya Utoaji na Mapokezi ikauchunguza msemo huo, ikauona una upungufu, ikaurekebisha. Sasa watoto shuleni wanafundishwa kwamba kutoa ni hafla.

Na sheria hiyo ina meno, msidhani ni ya mapambo. Bi Mwanakheri, mjane wa mtaa wa Kivulini, alimpa jirani yake bakuli la mchele dirishani, jirani akapika, wanawe wakala wakalala. Kesho yake wakamkamata. Hakimu alikuwa mtu wa huruma. "Mama, kwa umri wako sikufungi," alimwambia, kisha akamhukumu kulitoa bakuli lile lile mbele ya kamera kila siku ya gulio, mpaka ajue kutabasamu. Mchele ulikuwa wa serikali, na kila baada ya picha ulirudishwa stoo.

Kwa huyu Bi Mwanakheri ndiko alikopanga Stumai, na Stumai ndiye mwenye hadithi.

Stumai alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika Chuo cha Ufundi, msichana mrefu, mwenye mikono isiyotulia. Ukimwachia redio mbovu asubuhi, jioni unaikuta inaimba. Bi Mwanakheri alikuwa na friji bovu analowekea viatu. Stumai akaliomba, akatia balbu ya kuleta joto, akatia feni ndogo na sahani ya maji, ikawa mashine ya kutotolea vifaranga. Mara ya kwanza mayai yalioza na mtaa mzima ukahamia upande wa pili wa barabara. Mara ya pili wakatoka vifaranga wazima, wanakimbia, wanadonoa vidole vya watu.

Basi mambo yakaanza kunyooka. Ada ya muhula wa mwisho ilikuwa imemshinda, na bila ada hakuna mtihani, na bila mtihani miaka yote ile ya kushika spana ni kazi bure. Lakini mhasibu wa chuo, Bwana Ngwilizi, alikuwa mfugaji kuliko alivyokuwa mhasibu. "Niletee vifaranga wa kujaza banda langu kabla ya mtihani wa Jumatatu ile," alisema, "na mimi nitakuona umelipa." Stumai akakusanya mayai kwa kuku wa mama yake na kwa kuku wa majirani, akalijaza friji, akapiga hesabu: yangeangua Jumamosi, siku mbili kabla ya mtihani.

Palibaki kitu kimoja tu, umeme. Umeme wa Hisani nao ni msaada, na kinachotolewa huweza kuondolewa. Hukatika bila salamu, hurudi bila kuomba radhi. Mayai hayajui mgao. Yakipoa, yamepoa. Stumai akaamua kwenda kuomba jenereta.

*

Maombi yote hupitia Kamati ya Uhakiki wa Dhiki, na mwenyekiti wake alikuwa Bwana Kidubo, ambaye pia alikuwa Afisa Itifaki, na pia ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo. Stumai aliingia amevaa gauni lake la kwendea chuoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mhitaji?" Bwana Kidubo alimtazama toka kichwani hadi miguuni, akaguna. "Mbona umepiga pasi?"

"Nilidhani nikija ofisini..."

"Ulidhani! Mfadhili akiona pasi atasemaje? Atasema mwenye pasi ana umeme, na mwenye umeme jenereta anaitakia nini? Haya, kaa. Baba yupo?"

"Yupo."

Uso wa Bwana Kidubo ukashuka. "Mgonjwa?"

"Mzima. Ni fundi baiskeli."

Bwana Kidubo akaiweka kalamu mezani, akafikicha macho. "Binti, nisaidie nikusaidie."

"Labda kiuno," alisema Stumai baada ya kufikiri sana. "Kiuno humsumbua wakati wa masika."

"Haya! Ungesema mapema. Tutasema yuko hoi kitandani. Na wewe unafanya shughuli gani?"

"Natotoa vifaranga, mzee. Kwa mashine niliyoitengeneza mwenyewe."

"Hiyo usiitaje. Vijana wajasiriamali tunawapenda sana, wizara nzima inawapenda, lakini anayejitengenezea vitu ataonekana hana shida. Sema ulikuwa na ndoto ya kutotoa."

Akapelekwa chumba cha nguo. Wizara ilikuwa na kanga zilizochanika mahali palipokubaliwa na kamati, na ndala za rangi mbili tofauti, na mhitaji alizikodi kwa bei nafuu. Akapewa pia hotuba yake ya shukrani, yenye maelekezo kwamba kwenye aya ya pili machozi yatatoka. Asiye na machozi alitakiwa aje na kitunguu chake mwenyewe.

*

Hafla ilifanyika Jumatano, uwanja wa mpira. Maturubai yalisimamishwa meupe na ya kijani, bendi ya tarumbeta ikaletwa, na pilau ikaanza kunukia tangu asubuhi. Kijana mmoja wa chuo kikuu aliwahi kupiga hesabu kwa sauti, akasema gharama ya maturubai, bendi na pilau ya hafla moja ingenunua jenereta za mtaa mzima. Alionekana ana kipaji. Akapewa ufadhili wa kwenda kusoma mbali sana, na mpaka leo bado anasoma.

Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Fumbwe, Waziri wa Utoaji na Mapokezi mwenyewe. Alianza na itifaki. Akamtambua mkuu wa wilaya, akamtambua mke wa mkuu wa wilaya, akawatambua wazee wa mila, wenyeviti, wenyeviti waliopita na wanaotarajia kuwa wenyeviti, mpaka kivuli cha turubai kikahama na watu wakahama nacho.

"Ndugu wananchi," alisema hatimaye, "wapo wanaouliza, je, vijana wetu wa vyuo wanasaidiwa? Je, wajasiriamali wetu wachanga wanashikwa mkono? Nawajibu kwa takwimu. Wanasaidiwa! Kwa mwaka jana peke yake nimekabidhi jenereta mia nne kwa mikono yangu hii." Akaionyesha mikono. Kikosi cha Makofi kikapiga makofi. "Leo namkabidhi binti huyu, ambaye baba yake yuko hoi kitandani!"

Baba yake Stumai, aliyekuwa safu ya tatu, naye akapiga makofi, maana alikuwa amesikia vizuri lakini hakutaka kumharibia mtoto.

Jenereta ikaletwa, nyekundu, inang'aa, kubwa kama sanduku la kuwekea nguo. Mheshimiwa akainyanyua kwa mkono mmoja, akatabasamu upande wa kamera, akamtupia Stumai mikononi. Stumai alikuwa amejikaza kupokea uzito wa injini. Nusura airushe juu ya turubai, kwani ilikuwa nyepesi kama kapu tupu.

"Elemewa!" Bwana Kidubo alimnong'oneza kwa ukali. "Elemewa, binti!"

Stumai akapinda mgongo, akayumba. Watu wakashangilia. Alipofika aya ya pili akalia vizuri tu, kitunguu kilikuwa kikali. Kisha wageni wakaenda kwenye pilau, na yeye akarudi nyumbani na njaa yake, kwa kuwa mnufaika haruhusiwi kula kabla picha hazijakaguliwa.

*

Alipofungua skrubu za jenereta uani kwa Bi Mwanakheri, ndani hamkuwa na injini. Hamkuwa na tangi wala waya. Lilikuwa bati tupu, na chini yake kijiko cha pilau ambacho mtu alikisahau hafla fulani ya nyuma.

Alirudi wizarani mbio mbio. Bwana Kidubo hakushtuka.

"Injini ilikuwemo," alisema. "Waziri aliyetangulia aliikabidhi ikiwa nzima, kiuno kikamshika palepale jukwaani. Akaenda kutibiwa nje. Bunge likaona injini ni hatari kwa utoaji."

"Sasa iko wapi?"

"Ofisini kwa Mheshimiwa, inaendesha kiyoyozi."

"Na zile mia nne za mwaka jana?"

"Ndiyo hiyo uliyonayo."

Stumai alikaa kitini bila kukaribishwa. "Bwana Kidubo, mimi nitaitumiaje?"

"Kuitumia?" Bwana Kidubo alimwangalia kwa huruma ya kweli, kama mwalimu anayemwangalia mtoto aliyechelewa kuelewa. "Binti, msaada hautumiwi. Msaada hupokelewa. Halafu uitunze vizuri, Jumamosi tunaifuata. Tunamkabidhi fundi cherehani mmoja kule Magunguli."

Njia nzima Stumai alilia, na safari hii hakuwa na kitunguu.

*

Umeme ulikatika Alhamisi adhuhuri. Feni ndani ya friji ikazunguka kidogo kidogo, ikasimama. Stumai alifungua mlango akaweka mkono, joto lilikuwa linatoka polepole na yeye hana la kulizuia. Siku mbili tu zilikuwa zimebaki! Akaona Bwana Ngwilizi na banda lake tupu, akaona wenzake wanaingia chumba cha mtihani na yeye amesimama nje ya dirisha. Akapiga bati la jenereta teke.

Lile teke lilitoa mlio wa sufuria. Akalitazama lile bati. Lilikuwa na matundu ya hewa kila upande, yaliyotobolewa zamani ili injini isichemke. Ukiwasha taa ndani ya friji, taa itakosa hewa izime, humu ingewaka. Bati lingeshika joto. Gunia juu lingelizuia lisikimbie.

"Bi Mwanakheri!" aliita. "Una taa ya chemli?"

Bibi alitazama kushoto, akatazama kulia, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameshika kitu amekifunika kawa, mtu akimwona adhani ni chakula. Chakula nacho ni kosa, lakini adhabu yake anaijua.

"Sijakupa," alisema. "Nimeisahau hapo."

"Ahsante, bibi."

"Nyamaza! Unataka nifungwe?"

Wakapanga mayai ndani ya bati, juu ya mchanga, taa pembeni, sahani ya maji katikati. Mchana ule na kesho yake majirani walipita uani mmoja mmoja na shughuli za ajabu ajabu. Huyu kaja kuuliza saa, kasahau chupa ya chai, na ndani ya chupa mna mafuta ya taa. Yule kaja kutafuta mbuzi ambaye hakuwahi kuwa naye, kaacha gunia. Hakuna aliyetabasamu hata kidogo. Stumai alikaa kando ya lile bati, kila mara akitoa yai na kuliweka kwenye kope kupima joto, kama alivyomwona mama yake akifanya, akipunguza utambi au kuuongeza.

"Kuku wa mkata," alisema Bi Mwanakheri, akimtazama, "hatagi. Akitaga haangui. Akiangua, mwewe huchukua."

"Bibi, usiniombee mabaya."

"Sikuombei, mwanangu. Nimeishi tu."

*

Jumamosi asubuhi yai la kwanza lilipata ufa. Stumai aliweka sikio, akasikia mtu mdogo anagonga mlango kwa ndani. Furaha ilimpanda mpaka akamkumbatia Bi Mwanakheri, kandambili zikamtoka. Wakati huohuo lori la wizara likapiga honi nje, limejaa viti vya plastiki.

"Bwana Kidubo, nakuomba mpaka jioni. Yanaangua!"

"Mheshimiwa hasubiri yai." Bwana Kidubo alijaribu kuinyanyua jenereta, akashangaa. "Mbona nzito? Kuna nini humu?"

"Mzigo wangu. Ukiutoa sasa hivi utakufa."

Bwana Kidubo akafikiri. Kwa muda mrefu magazeti yalikuwa yakinong'ona kwamba wanufaika hawaelemewi vya kutosha. "Uache," alisema. "Itapendeza kwenye picha." Stumai akapanda lori, akaikumbatia jenereta yenye taa inayowaka, akiwa radhi aungue yeye.

Magunguli maturubai yalikuwa yaleyale, bendi ileile. Mnufaika alikuwa kijana anaitwa Mwinjuma, fundi cherehani, amevaa shati la viraka alilolishona mwenyewe, na kamati ilikuwa imevisifu viraka. Mheshimiwa Fumbwe akamaliza itifaki, akasema baba yake Mwinjuma ni kipofu, akashika jenereta kwa mkono mmoja kama kawaida yake. Haikwenda. Akaishika kwa miwili, mshipa ukamtoka shingoni.

Hapo ndipo ikaanza kupiga kelele. Kwanza sauti moja nyembamba, kisha tatu, kisha sauti zisizo idadi. Kipaza sauti kikazichukua, kikazitandaza uwanja mzima. Kifaranga mmoja, bado ameloa, akatoa kichwa kwenye tundu la hewa akamtazama Mheshimiwa.

Kikosi cha Makofi kilimtazama Bwana Kidubo, naye akawa anatazama viatu vyake. Lakini Mheshimiwa Fumbwe hakuwa waziri kwa bahati mbaya.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Wenzetu wana jenereta za kuwasha taa. Taa inaliwa? Sisi tumewaletea jenereta inayotoa kuku!"

Makofi yakapasuka, bendi ikapiga. Wakafungua bati, wakawatoa vifaranga mmoja mmoja, wa manjano, wa kahawia, wakawatia kwenye kapu, na Mheshimiwa akamkabidhi Mwinjuma lile kapu huku kamera zikimulika.

Stumai alikuwa tayari jukwaani. Hakujua amepandaje. "Mheshimiwa, hao ni wangu! Nimewatotoa mimi. Ndiyo ada yangu, Jumatatu nina mtihani!"

"Huyu nani?" aliuliza Mheshimiwa.

"Mnufaika wa Jumatano," alisema Bwana Kidubo.

"Aah! Amekuja kushukuru tena. Mpigieni makofi!"

Wakampigia. Kila alipofungua mdomo walizidisha, na bendi ikamsindikiza mpaka chini. Nilivyowaambia, ni watu wakarimu.

*

Pilau ilipofunuliwa, wageni walikwenda kwenye pilau na kamera zikawafuata. Stumai alikuwa nyuma ya lori, amekaa juu ya gurudumu la akiba, uso ndani ya viganja. Aliwaza namna ya kumwambia baba yake, ambaye alitangazwa yuko hoi mbele ya wilaya nzima na akapiga makofi kwa ajili yake.

Akasikia vifaranga. Akainua kichwa. Mwinjuma alikuwa amesimama na kapu, amelifunika shati la viraka, yeye amebaki na fulana.

"Dada, ulichosema pale juu ni kweli?"

"Kweli tupu."

"Ulitumia nini?"

"Taa ya chemli na bati lao."

Mwinjuma akacheka mpaka akaegemea lori. Kisha akalisogeza kapu karibu naye. "Chukua."

"Unajua hili ni kosa."

"Najua."

"Na wewe? Uliomba umeme wa cherehani."

"Nimezoea kuikanyaga kwa miguu. Chukua, dada, kabla hawajashiba."

Stumai akalipokea. Lilikuwa na uzito, na joto, na lilikuwa linatetemeka. "Jumatatu nikimaliza mtihani nitakuja niitazame hiyo cherehani yako," alisema. "Kuna mota ya feni nimebakiza."

"Njoo," alisema Mwinjuma. "Ila usije na turubai."

Hapo mpiga picha wa wizara akatokea pembeni ya lori, amerudi kutafuta begi lake. Akawaona. Akaona kapu likiwa katikati yao, mikono ya wote wawili bado imelishika. Akainua kamera mpaka jichoni. Yule bwana akakaa hivyo kitambo. Kisha akaishusha, akafunika lenzi, akachukua begi lake, akaenda kula.

Jumatatu Bwana Ngwilizi alihesabu vifaranga nyuma ya jiko la chuo, akasema hakumbuki wametoka wapi, na Stumai akaingia chumba cha mtihani. Mwezi uliofuata wizara ilitoa taarifa yake. Ndani yake mna picha ya Mwinjuma, mfugaji wa kuku wa kisasa, na picha ya Stumai ameelemewa. Ya nyuma ya lori haimo. Kwa sheria za Hisani kisichopigwa picha hakijatokea, kwa hiyo nanyi mliosikia, mkija kuulizwa, semeni hamjasikia. Bi Mwanakheri bado anatumikia kifungo chake cha kutabasamu.